Mbwa Mwitu Mwenye Koti: Bigby na Maisha Mapya ya Ngano za Kale

Fables inaanza na damu. Katika toleo la kwanza, lililotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Marekani ya DC Comics kupitia chapa yake ya Vertigo, Jack, yule wa mharagwe uliopanda hadi mawinguni, anaingia mbio ofisini kwa sherifu kumwarifu kwamba nyumba ya mpenzi wake Rose Red imetapakaa damu na mwenyewe haonekani. Sherifu hana papara. Ni mwanamume wa makamo, ndevu hazijanyolewa, tai imelegea shingoni, sigara haimbanduki mdomoni, na koti lake refu lingemfaa mpelelezi yeyote wa filamu za Hollywood za miaka ya 1940. Anaitwa Bigby Wolf. Huyu ndiye mbwa mwitu aliyemmeza bibi kizee, akavaa nguo zake na kujilaza kitandani kumsubiri mjukuu. Ndiye pia aliyezipuliza nyumba za nguruwe zikaanguka.

Mwandishi wa mfululizo huo, Bill Willingham, alianza na wazo jepesi kulieleza. Wahusika wote wa ngano wapo kweli. Waliishi kila mmoja katika nchi yake mpaka akatokea mvamizi waliyemwita Adui, akaziteka nchi hizo moja baada ya nyingine, na walionusurika wakakimbilia katika ulimwengu wetu. Sasa wanaishi kwa siri jijini New York, katika mtaa mdogo wa Manhattan waliouita Fabletown. Meya ni King Cole, ingawa kazi za ofisi zinabebwa na naibu wake, Snow White. Wale wasioweza kupita barabarani wakadhaniwa binadamu, kama dubu watatu na nguruwe watatu, wanawekwa Shambani, mbali na jiji. Mfululizo ulifika toleo la 150 mwaka 2015, ukiwa umekusanya tuzo kadhaa za Eisner, ambazo ndizo zenye heshima kubwa katika fani ya katuni Marekani. Ile ya mfululizo mpya bora ilipatikana mapema, mwaka 2003.

Kugeuza ngano kwenyewe si ugunduzi. Kabla ya Willingham walikuwapo wengi, na baada yake wamezidi. Linalostahili kuchunguzwa ni kwa nini mhusika mmoja aliyegeuzwa huishi miaka mingi katika akili za wasomaji huku mwingine akisahaulika mara kitabu kinapofungwa. Njia iliyozoeleka ni ya kupindua: jitu baya linakuwa jema, binti mfalme anashika upanga, mchawi anageuka aliyeonewa. Msomaji anashtuka mara moja, kisha mshtuko unaisha, kwa sababu kilichobaki mkononi ni hadithi ileile iliyosomwa kutoka mkiani. Bigby hakupinduliwa. Kila uovu aliowahi kutajwa nao umeachwa begani mwake, na katuni inauliza mtu wa namna hiyo ataishije na majirani ambao nusu yao aliwahi kutaka kuwala.

Ili kuona uzito wa mzigo huo, inafaa kumfuata mbwa mwitu tangu huko alikotoka.

Charles Perrault alimwingiza katika maandishi mwaka 1697, mjini Paris. Katika toleo lake mbwa mwitu anamla bibi, anamla msichana, na hadithi inakwisha hapo. Hakuna mwindaji, hakuna tumbo la kupasuliwa. Mwishoni Perrault aliongeza mafunzo ya kishairi akiwaonya wasichana kuhusu mbwa mwitu wapole wenye maneno matamu, ambao hufuatana nao hadi nyumbani. Yaani mbwa mwitu alikuwa mwanamume tangu mwanzo wa maandishi, na mwanamume mwenye adabu za ikulu. Aliyemvisha koti karne tatu baadaye hakuwa akimtungia jambo geni kabisa.

Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliitoa upya mwaka 1812. Katika toleo lao wamo mwindaji, mkasi na mawe yaliyojazwa tumboni mwa mnyama. Wasomaji wengi huidhani hiyo ndiyo ngano halisi ya Wajerumani wa kijijini, lakini waliowasimulia akina Grimm walikuwa dada wa familia ya Hassenpflug, watu wa mjini wenye asili ya Wahuguenot waliotoka Ufaransa. Ngano ilivuka mpaka ikabadilisha mwisho wake, na hakuna aliyeulizwa kibali.

Nyuma ya Perrault kulikuwa na wasimulizi wa vijijini. Mtafiti wa ngano wa Kifaransa Paul Delarue alilinganisha matoleo ya mdomo yaliyoandikwa katika karne ya 19 na mapema ya karne ya 20, akaonyesha hadithi kali kuliko zote za vitabuni. Humo msichana hulishwa nyama ya bibi yake bila kujua. Humo pia hujiokoa mwenyewe: humdanganya mnyama kwamba amebanwa na haja, akaachiwa atoke nje akiwa amefungwa kamba mguuni, kisha huifunga kamba ile kwenye mti na kutimua mbio. Werevu huo Perrault aliufuta. Aliyetaka msichana jasiri hakuhitaji kumbuni. Alihitaji kumrudisha tu.

Mwaka 2013 mwanaanthropolojia Jamshid Tehrani wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alichapisha utafiti uliotumia mbinu wanazotumia wanabiolojia kuchora ukoo wa viumbe. Alilinganisha matoleo 58 ya ngano za jamii hii kutoka Ulaya, Asia na Afrika. Yale ya Afrika, ambamo zimwi au mnyama mkali huiga sauti ya mama ili watoto wafungue mlango, yalijipanga karibu na ngano ya mbwa mwitu na watoto wa mbuzi kuliko ile ya msichana wa kofia nyekundu. Aliyewahi kusimuliwa na bibi yake habari za zimwi linalokwaruza koo ili sauti iwe nyembamba anaijua jamaa hii ya hadithi, hata kama hajawahi kuliona jina la Perrault.

Nguruwe watatu walifuata njia nyingine. Toleo lililoenea zaidi ni la Joseph Jacobs, katika mkusanyo wake wa ngano za Kiingereza wa mwaka 1890, na mwaka 1933 Walt Disney akalifanya filamu fupi ya katuni iliyopata tuzo ya Oscar. Wimbo wa filamu hiyo, wa kumdhihaki mbwa mwitu mkubwa mbaya, uliimbwa Marekani nzima wakati wa mdororo wa uchumi. Miaka kumi baadaye Tex Avery alimvisha mbwa mwitu suti na kumketisha kwenye klabu ya usiku. Kwa hiyo Willingham alipokaa kuandika, mezani kwake kulikuwa na wanyama watatu au wanne tofauti: mlaghai wa Perrault, mlafi wa Grimm, mpuliza nyumba wa Waingereza na mhuni mwenye suti wa Hollywood. Aliwafanya mmoja.

Hapo ndipo ufundi wake unapoonekana. Mpulizo wa kuangusha nyumba ni jambo la kitoto. Hakuna mnyama mwenye mapafu ya aina hiyo. Mwandishi mvivu angeliacha au angelicheka. Willingham aliuliza pumzi hiyo ilitoka wapi, akajibu kwamba baba yake Bigby ni Upepo wa Kaskazini. Mama yake alikuwa mbwa mwitu wa kawaida, aliyependwa kwa muda kisha akaachwa, akafa kwa huzuni. Katika kitabu cha 1001 Nights of Snowfall cha mwaka 2006 tunasimuliwa jinsi mtoto huyu, mdogo na dhaifu kuliko ndugu zake wote, alivyobaki peke yake akiulinda mzoga wa mama dhidi ya walao mizoga. Wale wadogo aliwafukuza, wakubwa wakamshinda. Akaapa kwamba kila siku ataua kitu kikubwa kuliko cha jana. Kutoka kwenye kiapo hicho zinafuata ngano zote tunazozijua: nguruwe, bibi kizee, msichana msituni.

Mstari mmoja wa kuchekesha watoto umezaa ukoo, urithi na kisasi. Na hakuna neno la ngano ya zamani lililokanushwa.

Mantiki hiyo hiyo inatawala wahusika wengine wa Fables. Mwana wa mfalme aliyemwoa Snow White, yule aliyemwamsha mrembo aliyelala, na yule aliyezunguka na kiatu cha Cinderella ni mtu mmoja, kwa kuwa ngano hazikuwahi kumpa jina. Ana talaka tatu na hana hela. Pinocchio aliomba awe mvulana wa kweli, akapewa alichoomba, na sasa ana mamia ya miaka akiwa bado mvulana, amechoka, ana hasira, anataka kubalehe. Mchawi aliyesukumwa tanurini na watoto wawili hakuungua akafa. Anaishi ghorofani, anasuka sufu, na wote wanamwogopa. Ngano imeshikwa kwa maneno yake yenyewe, kama mkopeshaji anavyomshika mdeni kwa hati aliyoitia saini.

Snow White ni mfano wa peke yake. Katika mkusanyo wa Grimm kuna wasichana wawili tofauti. Mmoja ni wa kioo, tufaha na vibete saba. Mwingine ana dada, Rose Red, na wote wawili humkaribisha dubu nyumbani wakati wa baridi. Kwa Kijerumani majina yao hayafanani sawasawa, lakini tafsiri za Kiingereza ziliwaita wote Snow White. Willingham akawaunganisha. Matokeo yake ni mwanamke aliyekuwa na dada mpenzi, akaolewa katika jumba la kifalme, akamchukua dada yake akaishi naye, kisha akamfumania na mumewe. Jeraha hilo ndilo linaloendesha hadithi nzima ya kwanza. Mkanganyiko wa wafasiri umekuwa mkasa wa familia, na unaaminika.

Bigby na Snow White ndio mhimili wa mfululizo, na uhusiano wao unaenda polepole ajabu kwa kazi ya katuni. Snow White ndiye aliyemkuta akiwa bado mnyama, naye ndiye aliyewezesha agawiwe umbo la mtu, kwa mkwaruzo wa kisu chenye uchawi. Fabletown ina mapatano: kila anayetia saini anasamehewa yote aliyoyatenda katika nchi za zamani. Bluebeard, muuaji wa wake zake, anakaa humo akiwa tajiri mwenye kuheshimiwa. Bigby naye amesamehewa, na juu ya msamaha amepewa kazi ya kulinda sheria. Willingham anaitazama kwa makini tofauti iliyopo kati ya msamaha ulioandikwa na msamaha ulioko mioyoni. Wanyama wa Shambani hawakubali Bigby akanyage huko. Wengi wao walikoswakoswa na meno yake. Sheria inasema hana hatia, na wao hawabishani na sheria. Wanachosema ni kwamba hatafika.

Marufuku hiyo inakuja kuwa na gharama. Snow White anazaa watoto wa Bigby, na kwa kuwa watoto hawana umbo kamili la binadamu, lazima wakalelewe Shambani. Mama anakwenda nao. Baba hawezi kufuata. Kosa la mbwa mwitu wa ngano, lililotendwa karne nyingi nyuma, linamnyima mwanamume wa leo haki ya kuwalaza watoto wake. Na wa mwisho katika watoto hao hana mwili kabisa: ni upepo mtupu, ambaye kabla hajagunduliwa huwanyonya watu pumzi zao na kuwaua bila kujua anachofanya. Damu ya babu imeruka kizazi. Mama anamwamuru mtoto huyo atoroke akamtafute baba yake, kabla ya wengine kutambua yeye ni nani. Ndoa inafungwa katika toleo la 50, mwaka 2006, na furaha yake inaaminika kwa sababu msomaji amehesabu kila kilicholipwa.

Mwaka 2013 na 2014 kampuni ya michezo ya kompyuta ya Telltale Games ilitoa The Wolf Among Us katika sehemu tano, hadithi ya miaka ishirini hivi kabla ya katuni. Mchezaji ndiye anayemwamulia Bigby: ampige mshukiwa au amwache, amng'oe mkono aliyekwisha kushindwa au ajizuie. Wakazi wa Fabletown hukumbuka. Ukichagua ukali unapata majibu haraka, na kila uso unaokutana nao baadaye unakuthibitishia kwamba wewe ni yule yule wa zamani. Ni nadra kazi ya pili kuuelewa moyo wa kazi ya kwanza kiasi hicho.

Katuni ni mchoro kabla ya kuwa maneno, na hapa sifa zisiishie kwa mwandishi. Lan Medina wa Ufilipino alichora hadithi ya kwanza. Baada yake Mwingereza Mark Buckingham akawa mchoraji mkuu kwa zaidi ya muongo. Buckingham alizipamba pembezoni mwa kurasa kwa michoro inayomweleza msomaji yuko wapi, katika jiji, Shambani au nchi za kale, na namna hiyo ukurasa wa katuni ya kisasa ukawa na sura ya kitabu cha hadithi cha zamani. Majalada ya miaka ya kwanza yalikuwa ya James Jean, na mengi yao yangeweza kutundikwa ukutani bila kitabu. Kwa Bigby, wachoraji waliamua jambo moja la maana: akiwa mtu, asiwe mzuri. Mabega mapana, nywele timutimu, uso wa mtu asiyelala. Anavuta sigara mfululizo ili moshi uififishe pua yake, kwa kuwa jiji zima linamnukia kwa wakati mmoja. Anapogeuka mbwa mwitu haenei tena kwenye kisanduku cha mchoro. Katika vita vya askari wa mbao, Fabletown inapokaribia kuanguka, anarudi kwa umbo hilo na kuvuta pumzi, na msomaji mwenye miaka arobaini anakumbuka nyumba ya nyasi ya utotoni mwake, ila safari hii kinachopeperushwa ni jeshi. Aliyeliongoza jeshi hilo alijitambulisha kuwa msichana wa kofia nyekundu. Ni Baba Yaga, mchawi wa ngano za Kirusi, aliyevaa sura ya msichana. Kwa mara ya kwanza katika historia yake, mbwa mwitu ndiye anayelinda nyumba na aliyevaa kofia ndiye aliyekuja kula.

Fables ilikuwa na wenzake. Linda Medley alianza Castle Waiting mwaka 1996, akisimulia kwa upole maisha ya kasri baada ya mrembo aliyelala kuamka na kuondoka zake. Kampuni ya Zenescope ilianza Grimm Fairy Tales mwaka 2005, na majalada yake ya wasichana waliovaa nusu yalieleza wazi ilikokuwa ikitafuta wanunuzi. Hapo ngano imekuwa vazi la maonyesho tu. Neil Gaiman aliandika hadithi fupi ambamo Snow White ni mnyonya damu na mama wa kambo ndiye mwenye haki, na Colleen Doran akaichora kuwa kitabu cha katuni mwaka 2019, kwa michoro ya ajabu. Hadithi ya Gaiman ni ya kupindua, na ni upinduzi uliofanikiwa, maana mwandishi alisoma kwa makini kila jambo la kutisha lililokuwamo tayari: ngozi nyeupe, midomo myekundu, maiti isiyooza, na mwana wa mfalme anayevutiwa na maiti hiyo.

Nguvu za Fables zinapungua inapotoka Ulaya. Matoleo ya mwaka 2005 na 2006 yanamleta Sindbad na msafara wake kutoka nchi za Alfu Lela Ulela, na jini wao. Wanafika kama wageni wa kuogopwa. Baraza lao ni la njama, na lugha yao inakuwa kizuizi cha kuchekesha. Wahusika wa Grimm walipewa historia, majuto na mabishano ya ndani. Hawa wanapewa mavazi. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye Sindbad kwake ni baharia wa bahari hii hii na Abunuwasi ni jirani, pengo hilo linauma. Willingham angeweza kumfanyia Sindbad alichomfanyia mbwa mwitu, yaani kumuuliza kwa nini mtu anayeokoka safari saba za mauti bado hatulii nyumbani.

Ila kuna swali moja la kanuni, la nani hudumu na nani husahaulika, ambalo Fables inalijibu vizuri kuliko maprofesa wengi. Katika ulimwengu wake, uhai wa mhusika unategemea kiasi anachosimuliwa na watu wa kawaida. Snow White anapigwa risasi ya kichwa na anapona, kwa sababu mamilioni wanamjua. Mhusika wa hadithi iliyosahaulika hufa kwa jeraha dogo. Jack analijua hilo. Anatoroka Fabletown, anakwenda Hollywood na kutengeneza filamu kuhusu yeye mwenyewe ili asife kamwe. Kuna ukatili katika kanuni hiyo. Ina maana kwamba Disney, kwa kumchagua Snow White kwa filamu yake ndefu ya mwaka 1937, aliamua nani awe na nguvu na nani afifie.

Ngano za Waswahili nazo zina ushahidi wa ufundi huu wa kugeuza. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alichapisha London mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Mojawapo ni ya Sultani Darai. Masikini anayechakura jaani kutafuta punje anaokota thumuni, anamnunua paa. Paa anapata almasi, anampelekea sultani kana kwamba ni zawadi ya bwana wake, ambaye anamwita Sultani Darai, anamposea binti, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumtwalia bwana wake jumba. Msomaji wa Perrault atamtambua mara moja yule paka mwenye buti. Lakini paka wa Perrault anaishia kuwa mheshimiwa. Paa wa Unguja anaugua; bwana wake anamnyima hata chakula kizuri; anakufa na kutupwa kisimani; na yule mtu anaamka siku moja akijikuta jaani alikoanzia. Wasimulizi wa Unguja walikipokea kisa kilichozunguka dunia, wakakitaka kilipe deni lake. Ni kazi ile ile aliyoifanya Willingham kwa mbwa mwitu, na wao waliifanya zaidi ya karne moja kabla yake.

Paa huyo hakuwa na mwenye hakimiliki. Dunia ya katuni za Marekani inaendeshwa kwa hati, na hati zimeielekeza Fables zaidi ya msomaji anavyodhani. Willingham amewahi kueleza kwamba mpango wake wa awali ulikuwa Adui awe Peter Pan, mwizi wa watoto. Lakini J. M. Barrie, aliyemtunga Peter Pan, aliikabidhi haki zake hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ya London mwaka 1929, na mwaka 2002 haki hizo zilikuwa bado hai Ulaya. Ikabidi atafutwe mwingine. Carlo Collodi, aliyemwandika Pinocchio kuanzia 1881, alikuwa amefariki mwaka 1890, na kazi yake ilikuwa huru. Adui akawa Geppetto, mzee mpole mchonga mbao, aliyeanza kwa kuchonga mtoto mmoja kwa upweke na kuishia kuchonga maliwali na majeshi. Ufunuo huo wa mwaka 2005 ni miongoni mwa mambo bora zaidi katika mfululizo mzima. Sheria ya hakimiliki ilimsukuma mwandishi kwenye wazo zuri kuliko lake la kwanza.

Septemba 2023 suala la umiliki likamrudia mwenyewe. Willingham, aliyekuwa amerejea na matoleo mapya kuanzia namba 151 mwaka 2022, alitangaza kwamba baada ya migogoro ya muda mrefu na DC kuhusu mkataba, na kwa kuwa kesi ingemgharimu fedha na miaka, anaikabidhi Fables kwa umma wote. Yeyote aitumie. DC ilijibu kwamba vitabu na hadithi za Fables ni mali yake, zinalindwa na sheria ya Marekani na ya nchi nyingine, na kwamba italinda haki hizo. Mwandishi anasema ametoa. Mchapishaji anasema hakuwa na cha kutoa.

Walichogombania hapo kina mipaka iliyo wazi kuliko kelele zake. DC haiwezi kudai mbwa mwitu. Haiwezi kudai Snow White, wala Cinderella, wala mtu wa talaka tatu asiye na jina. Wote hao ni wa umma tangu kabla ya kampuni hiyo kuzaliwa. Kinachoweza kubishaniwa ni vile viungo: Upepo wa Kaskazini kuwa baba, kiapo juu ya mzoga wa mama, kisu, koti, kazi ya sherifu, Shamba asilokanyaga. Yaani ni majibu ya Willingham kwa maswali ambayo ngano iliyaacha wazi, na michoro ya Buckingham na wenzake iliyoyapa uso. Na haki ya maadili, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, iko kwa waliokaa miaka kumi na mitatu wakiyatafuta majibu hayo, hata kama karatasi za mkataba zitasomwa vinginevyo.

Mchoraji wa Mombasa, Bujumbura au Dar es Salaam anayetaka kufanya kazi ya aina hii hahitaji kusubiri ugomvi huo uamuliwe. Kitabu cha Steere kiko huru, na maswali yake hayajaguswa na katuni ya Marekani. Mke wa Sultani Darai alikuwapo ndani ya jumba wakati paa akiugua, akaona namna mumewe alivyomtendea. Kisa kinamwonyesha akilia kwa ajili ya paa, kisha kinamrudisha yeye kwa baba yake na mume jaani. Kuanzia hapo jumba la nyoka na watu wa mji ule uliokombolewa wamebaki bila mtawala, na hakuna aliyesimulia asubuhi yao iliyofuata.